Maji ya Mapumziko

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa haki ya kujisifu ninayo. Shule niliachia darasa la sita. Nilikuja Doha na begi moja na leseni ya lori, na leo nina malori matatu ya maji barabarani, na la nne ambalo hakuna mtu mwingine analo katika nchi hii, au kama yuko basi bado hajajitokeza. Nimeona mchanga ukilifunika gari dogo mpaka madirishani. Nimeona bosi aliyenifukuza akija kuniomba kazi, na nikampa. Kwa hiyo mtu akiniletea habari, iwe tamu iwe chungu, mimi humwambia asizunguke, aseme tu.

Hilo lori la nne ndilo nitaanza nalo, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Ni gari la kuzima moto wa msituni. Usifikirie yale ya mjini yenye ngazi ndefu na king'ora. Hili ni fupi, limeinuka kutoka chini, magurudumu yote yanavuta, mgongoni lina tangi, na mbele kwenye bampa lina mdomo wa kurusha maji ambao dereva anauelekeza kwa mpini mdogo akiwa amekaa kwenye kiti chake. Uzuri wake ni mmoja: linarusha maji huku linatembea. Magari mengi ya zimamoto husimama kwanza ndipo pampu ifanye kazi. Hili pampu yake ina injini yake peke yake, kwa hiyo unaufuata moto jinsi unavyomfuata ng'ombe aliyevunja boma, unakimbia na unachapa.

Nililipata kwenye mnada wa mali ya kampuni moja iliyofunga. Lilikuwa limekaa juani hata rangi nyekundu imekuwa kama ya ufizi. Waliokuwa mnadani walinicheka.

"Wewe Mkenya," dalali akaniambia, "msitu uko wapi hapa? Unataka kuzima ngamia?"

Niliwaacha wacheke. Hawakujua kwamba mimi nimezaliwa ukingoni mwa msitu, na kwamba ujana wangu niliupitisha nyuma ya gari la misitu, tukipelekwa kupiga moto kwa matawi mabichi na kulipwa unga. Nilijua chombo kile kina thamani gani. Kazi yake tu ndiyo nilikuwa sijaijua bado.

Kazi niliipata kwenye chuo kimoja upande wa kwenda Lusail. Jina nitaliacha. Kina uwanja wa michezo ambao huko kwetu ungeitwa uwanja wa taifa: majukwaa pande mbili, taa za kila rangi, ubao wa magoli mkubwa kuliko ukuta wa kanisa. Nyasi zake ni za plastiki. Jua likizipiga mchana kutwa, wachezaji wakiingia alasiri wanarukaruka kama wamekanyaga jivu la moto. Mabomba ya kumwagilia yalikuwa yameharibika upande mzima. Na nyuma ya jukwaa la mashariki kulikuwa na shamba la nyasi ndefu na miti waliyoipanda ili pawe kijani, kisha maji yakakatwa, vyote vikakauka vikasimama vile vile kama karatasi. Mtu mmoja akitupa sigara pale, basi.

Msimamizi wa uwanja alikuwa Msudani mmoja mrefu, mwalimu wa michezo wa zamani, anavaa filimbi shingoni hata akiwa ofisini. Aliniambia anataka vitu viwili, maji ya kupoza nyasi kabla ya mechi na wakati wa mapumziko, na gari la moto la kukaa tayari mechi ikichezwa. Kiarabu changu ni cha barabarani na Kiingereza changu ni cha gereji, lakini bei naitaja vizuri kwa vyote viwili. Nikamwambia vitu hivyo viwili ni gari moja.

Kuna barabara nyembamba ya lami inayouzunguka uwanja ule, kati ya nyasi na majukwaa. Nililipitisha gari hapo, pampu inanguruma, maji yanapaa kama upinde na kuanguka katikati ya uwanja bila kumgusa mtu. Wanafunzi waliokuwa wamekaa jukwaani na vitabu vyao walisimama wakapiga makofi. Msimamizi akaniuliza nani mwingine anaweza kuliendesha.

"Hakuna," nikasema. "Doha nzima ni mimi. Usukani mkono wa kushoto, maji mkono wa kulia, jicho moja njiani, jingine juu. Ukimpa mtu mwingine atakuogeshea wageni wa heshima."

Alipenda jibu hilo hata akaliandika kwenye mkataba: dereva ni mimi, na si mwingine. Nikatia sahihi. Hakuna karatasi niliyowahi kuifurahia kama ile.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa pale. Wanafunzi walikuwa wakiingojea zamu yangu ya mapumziko kuliko kipindi cha pili. Ngoma zao zilikuwa na mdundo wa gari langu. Mlinzi wa lango, Mganda mmoja mcheshi, alikuwa akinifungulia na kupiga saluti.

"Karibu Mzee wa Mvua! Leo unatunyeshea saa ngapi?"

"Mkimaliza kuomba."

"Kwetu Uganda mvua ni ya bure, bwana ssebo. Wewe unaiuza."

"Ndiyo maana hamna pesa. Mnagawa mali."

Alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo. Tulifanya mchezo huo kila wiki na haukuchuja.

Mama alikufa mwanzoni mwa wiki ya fainali. Mimi nilikuwa Umm Salal, kwenye uwanja wa shamba ambapo ninakodi nafasi ya kulaza malori, nimelala chali chini ya gari la moto nikibadilisha mpira wa pampu uliokuwa unavuja. Dada yangu anayenifuata akapiga simu.

"Kaka, uko peke yako?"

"Sema tu."

"Mama ametuacha."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Alikunywa uji jana, akasema kesho apikiwe wa wimbi."

Nikamwuliza kama mwili umepelekwa mochari, nani ameenda nao, gari limelipwa. Akanijibu yote. Tulipomaliza nilirudi chini ya gari. Mpira niliufunga, nikaukaza, nikawasha pampu nikaujaribu. Haukuvuja. Mchana nilirudi Al Mansoura, nikanunua wali na samaki pale chini ya jengo letu, nikala sahani yote. Nilikuwa nangoja kitu kinifikie, kilio au hata kizunguzungu, kama unavyongoja mgeni aliyesema yuko njiani. Hakikuja. Nikanawa mikono, nikaenda kupeleka maji kwa wateja wawili.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kiqatari ambaye biashara iko chini ya jina lake, alisikia kutoka kwa madereva akanipigia mwenyewe. Akasema, nenda leo, mama ni mama, tiketi nakata mimi. Nikamwambia nitakwenda baada ya Jumamosi. Akasema Mungu amrehemu, na wewe unajijua.

Jumamosi ndiyo ilikuwa fainali ya vyuo. Na nyumbani Jumamosi ndiyo siku ya kuzika, maana watu wote wako huru. Nilikwenda kwa msimamizi kumwuliza kama siku hiyo moja ninaweza kuleta dereva mwingine. Hakunikatalia. Alitoa tu ule mkataba kwenye droo, akaugeuza unitazame, akaweka kidole.

"Wewe ulisema Doha nzima ni wewe," akasema. "Kama yuko mwingine, mlete leo, nimwone akifanya."

Alikuwako. Dereva wangu wa lori la pili, kijana wa Pwani mwenye mikono mitulivu, angejifunza kwa alasiri moja. Sikumleta. Ukishamwambia mtu kwamba kitu hakiwezekani bila wewe, na akakulipa kwa sababu hiyo, huwezi kurudi kumwonyesha kinavyowezekana. Na mkataba ulikuwa unaisha na msimu, unatakiwa kutiwa sahihi upya. Nilimwambia, basi, nitakuwepo.

Nilituma pesa nyumbani. Wakenya wa Doha wana kawaida yao, mtu akifiwa kundi la simu linachanga, kila mtu kidogo chake. Niliandika kwenye kundi kwamba asante lakini mimi si wa kuchangiwa. Mama yangu nitamzika mwenyewe. Nikaagiza mahema meupe, viti vilivyovalishwa vitambaa, fahali wawili, vipaza sauti vya kusikika mpaka ng'ambo ya mto, na vijana wa kamera wa kurusha mazishi moja kwa moja kwenye simu ili sisi wa mbali tuone. Dada akaniambia hata mheshimiwa wa eneo amesikia na amesema atakuja. Nikasema aje, chakula kipo.

Aliyebaki ni baba mdogo. Ndugu wa marehemu baba, na ndiye mkubwa wa boma sasa. Nilimpigia.

"Baba mdogo, habari za huko?"

"Habari za huko ni maiti. Unafika lini?"

"Jumamosi siwezi. Kazi imenishika."

"Kazi gani?"

"Kumwagilia uwanja."

"Wa mahindi?"

"Wa mpira, baba mdogo. Wa chuo."

"Nyasi zimekauka?"

"Ni nyasi za plastiki."

Nilisikia akivuta pumzi. "Unamwagilia plastiki," akasema. Hakusema kwa kuuliza.

Kwetu mama hafunikwi mpaka mzaliwa wake wa kwanza amwambie kwa mdomo wake, mbele ya watu: nenda salama, nyumba nimeipokea. Akishasema anamwaga udongo wa kwanza, ndipo wengine wamwage. Asiposema, nyumba ile haina mwenyewe, na yeye katika boma ni mgeni kama wageni wengine. Baba mdogo alinieleza haya polepole kama vile mimi ni mtoto wa mtu mwingine.

"Najua," nikamwambia. "Nitasema kwa simu. Simu iwekwe kwenye kipaza sauti."

Salio langu lilikuwa linakwenda na sikumharakisha.

"Sauti hutoka mdomoni," akasema mwishowe. "Dada yako atashika simu. Mimi nitashika udongo. Ukisema, nitaumwaga kwa niaba yako. Usiposema, sitaumwaga."

"Nitasema."

"Kaburini ni saa saba."

"Saa saba nitakuwa nimeegesha. Mechi ni saa kumi. Saa za huku na za huko ni zile zile."

"Haya. Na useme watu wasikie."

Jumamosi nilifika chuoni mapema, nikajaza tangi, nikaosha vioo vya gari. Mganda alifungua lango bila saluti. Alikuwa amesikia.

"Pole sana, Mzee."

"Asante."

"Leo sikutanii."

"Tania tu," nikamwambia. "Hakuna kilichobadilika."

Lakini hakutania. Nikaegesha kwenye kivuli cha jukwaa, mdomo wa gari ukielekea kwenye shamba lile kavu kama mkataba unavyotaka. Simu niliisimamisha kwenye dashibodi. Picha ilikuwa safi. Niliona mahema yangu, viti vyangu, watu wakila nyama yangu. Jeneza lilikuwa mbele, limefunikwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Mganda aliniletea chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, akasimama mlangoni mwa gari akitazama pamoja nami.

"Watu ni wengi," akasema.

"Ni wengi."

"Alikuwa mtu wa watu?"

"Alikuwa akiuza maziwa. Kila mtu alikuwa anamjua."

Saa saba ilifika, mchungaji akachukua kipaza akasema tunamngoja mheshimiwa, yuko njiani. Ikapita. Mheshimiwa alifika karibu saa tisa na magari mengi yenye vumbi. Akapewa kipaza. Alisema habari za barabara, na za maji, na za wapinzani wake, kisha akasema habari zangu. Kijana wetu, akasema, ambaye hakusoma lakini Waarabu wanamtegemea wasiungue. Watu wakapiga makofi. Nilisikia nikisifiwa mbele ya kijiji kizima kwa vipaza nilivyovilipia mwenyewe, na nilingoja nifurahi. Chai ilikuwa imepoa. Niliimaliza.

Saa tisa na nusu nikawasha pampu, nikazunguka uwanja, maji ya kwanza. Nikarudi kivulini. Dada akaandika: "Bado anaongea." Saa kumi mpira ukaanza. Jukwaa lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi, ngoma zinapigwa. Dada akaandika tena: "Amemaliza. Sasa ni salamu za rambirambi." Kisha: "Tunabeba."

Kwenye simu niliona jeneza likipita kati ya viti kuelekea nyuma ya nyumba, na kamera ikifuata kwa kuyumba. Wakati huo huo Msudani akapuliza filimbi yake pembeni, maana mwamuzi alikuwa amepuliza ya mapumziko. Akanipungia mkono. Maji.

Mapumziko ni robo saa, na mzunguko wangu unachukua karibu yote. Maji yakichelewa, kipindi cha pili kinachelewa, na siku ile kulikuwa na wakubwa wa chuo wamekaa kwenye viti vya ngozi. Niliwasha injini. Niliwasha pampu. Nilikuwa nimeingia tu kwenye lami wakati simu ilipoita, na picha ya mazishi ikapotea ili simu iingie.

Nilipokea kwa kidole kimoja, nikaweka sauti ya juu.

"Kaka, ni sasa," dada akasema. "Simu iko kwenye kipaza. Baba mdogo ameshika udongo. Sema."

Mimi ni mtu wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, nimeishi hivyo. Usukani kushoto, maji kulia, nikainamia simu.

"Mama," nikasema, "nenda salama. Nyumba nimeipokea."

Maji yalikuwa yamepaa. Jukwaa lote lilisimama, kama lilivyosimama kila wiki, wakashangilia, wakapiga miluzi, ngoma zikafuata mngurumo wa gari. Nilirudia maneno yale kwa nguvu zangu zote mpaka koo likauma. Kisha kutoka kwenye simu, kwa kuchelewa kidogo, nikasikia kile walichokuwa wanasikia wao kule kaburini. Sauti yangu haikuwemo. Ilikuwemo pampu, na juu ya pampu makofi na vigelegele na miluzi ya mamia ya watu, vikitoka kwenye vipaza vya kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Hatukusikii!" dada akapiga kelele. "Kaka, zima hiyo kitu! Watu wanashangilia wapi?"

Nilikuwa kwenye kona ya mashariki. Pande mbili zilikuwa zimebaki. Ukisimama na maji wazi unatengeneza dimbwi mahali pamoja, na kwenye plastiki dimbwi linamtelezesha mtu akavunjika mguu. Ukizima pampu katikati, nusu ya uwanja inabaki moto. Sikuzima. Nikasema mara ya tatu, "Nenda salama, nyumba nimeipokea," na hapo simu ikakatika. Nikamaliza pande mbili zilizobaki. Kazi ilikuwa safi. Hakuna aliyelowa. Msudani akaniinulia kidole gumba.

Nilipozima injini nikapiga simu nyumbani. Haikupokelewa. Nikapiga tena.

"Imekwisha," dada akasema. Alikuwa amesogea mbali na watu. "Baba mdogo alikaa na udongo mkononi mpaka simu ikakatika. Akaurudisha chini. Mchungaji ndiye aliyemwaga wa kwanza."

"Watu wamesemaje?"

"Wengine walidhani ni redio. Wengine walicheka, kaka. Mama mmoja aliuliza ni timu gani imefunga."

"Mlisikia hata neno moja?"

"Hapana."

"Nilisema mara tatu."

"Mimi naamini," akasema. "Lakini mimi siye wa kuamua."

Mganda alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye mlango wa gari, kofia mkononi. Aliniuliza kama wamemzika. Nikamwambia wamemzika. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Niligeuza macho kwenye lile shamba kavu kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa, nikalitazama mpaka mechi ikaisha. Hakukuwa na moshi. Nani alishinda sikumbuki, na hata siku ile sidhani kama nilijua.

Mkataba ulipewa muda mwingine, kwa bei niliyoitaja mimi. Vijana wa kamera walinitumia kanda ya mazishi. Niliitazama chumbani kwangu Al Mansoura Ijumaa moja wenzangu walipokwenda kuswali, jengo likiwa kimya. Nilipofika mahali pale niliongeza sauti, nikaweka simu sikioni, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Mimi ninajua gari langu. Ninaweza kukuambia ni wapi nilibadilisha gia na ni wapi nilipinda kona. Sauti yangu haimo.

Joto lilipozidi, uwanja ukafungwa kama kila mwaka, nikaenda nyumbani. Nilishuka kwa gari la kukodi, nimevaa suti, zawadi zimejaa nyuma. Baba mdogo alikuwa amesimama langoni mwa boma. Hakutoa mkono.

"Simama hapo hapo," akasema.

Nikasimama. Dada alikuwa nyuma yake, anatazama chini.

"Baba mdogo, nimeleta vitu."

"Naviona."

"Kama kuna jambo la kusafisha, sema tu. Nitanunua fahali. Nitanunua hata wawili."

"Fahali wako tuliwala siku ile," akasema. "Walishibisha, lakini hawakusema kitu. Tunataka kondoo. Dume mmoja, asiye na kovu. Uende sokoni wewe, umchague wewe, umlete wewe. Usitume mtu."

"Kondoo tu?"

"Hata aliye na deni la duka huleta kondoo. Hakuna kondoo wa matajiri."

Gari la kukodi lilikuwa limeshashusha mizigo likaondoka. Nikachukua pikipiki mpaka sokoni. Watu walinitambua, wakaniita kwa majina ya sifa, nikawapungia. Kwa kawaida mimi sinunui kitu bila kuvutana, hata kiberiti, lakini siku ile mwenye kondoo alitaja bei nikatoa. Tulirudi watatu, mwenye pikipiki mbele, kondoo katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asiruke. Manyoya yake yalishika suti. Alikuwa akipumua haraka haraka na moyo wake niliusikia kifuani kwangu.

Baba mdogo alimkagua masikio, miguu, akamgeuza upande wa pili. Kisha akanipisha langoni. Tukaenda nyuma ya nyumba, na dada pia. Kaburi lilikuwa limejengwa kwa vigae nilivyovilipia, vinang'aa, na pembeni kulikuwa na kijisehemu cha udongo kilichoachwa wazi. Sikuwa nimeagiza kiachwe. Kondoo akazungushwa kaburi lile. Baba mdogo akachota udongo akaniwekea kiganjani.

"Sema sasa," akasema.

Hakukuwa na kipaza. Kulikuwa na sisi watatu na kuku wakiparura chini ya migomba. Nikasema, "Mama, nenda salama. Nyumba nimeipokea." Sauti yangu ilitoka ndogo, ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai. Nikamwaga udongo. Nikangoja kidogo, kwa sababu nilidhani sasa kilio kitakuja. Kuku waliendelea. Udongo ulikuwa mkavu, na mwingine ulibaki kwenye mistari ya kiganja.

"Tumesikia," baba mdogo akasema, na hapo ndipo alipotoa mkono.

Kondoo alichinjwa, akapikwa, majirani wachache wakaitwa. Baba mdogo alinikalisha kwenye kiti cha mkubwa, na mimi nikakata nyama nikawagawia watu. Walikula, wakaaga. Dada alikuwa amechutama nje ya jiko, anasugua sufuria kwa majivu.

"Kaka, huyo kondoo walikuuzia ngapi?"

"Elfu tisa."

"Wamekuibia. Wameona suti."

"Na pikipiki mia nne na hamsini, kwenda na kurudi."

"Na nauli ya kondoo wamehesabu?"

"Wamehesabu humo humo."

Akamwaga maji machafu kwenye migomba, akachukua sufuria nyingine. "Kwa hiyo yote ni ngapi?"

"Elfu tisa mia nne na hamsini," nikasema.